Dawa, Katoni Mia Tatu

Nimepiga taipu miaka kumi na mmoja, na ninaposema nimepiga taipu simaanishi kudonoadonoa kama wasichana wa siku hizi, kidole kimoja kwenye herufi na bigijii mdomoni. Mimi nilisomea uhazili. Karatasi yangu haina mfuto, na mstari wangu hauvuki pambizo. Bwana Primus, mwenye malori niliyemfanyia kazi pale Moshi mjini, alizoea kuwaambia wateja, "Barua ya Priska unaweza kuitundika ukutani." Nikisikia hivyo najifanya natafuta kitu kwenye droo, ili nisionekane ninavyofurahi. Sifa zinalevya kuliko mbege. Naanza na hilo makusudi, ili ujue mapema ni nani aliyemfunga mume wangu. Wengi wanamtaja askari wa mpakani, wengine wanamtaja hakimu. Wote wawili walifanya kazi yao tu. Mimi nilifanya yangu vizuri kupita kiasi.

Mume wangu, Ebenezeri, alikuwa dereva wa lori mojawapo kati ya mawili ya Bwana Primus. Mtu mrefu, mzito wa maneno, mzee wa kanisa pale kwetu Old Moshi. Hakujua kusema uongo. Trafiki akimsimamisha kumuuliza leseni, yeye anaongeza mwenyewe kwamba taa ya nyuma ya kulia ina matatizo. Madereva wenzake walimcheka sana kwa hilo. Mimi nilimcheka pia, nyumbani, na nilimpenda kwa hilohilo.

Mwaka huo ulikuwa 1996. Mwezi wa saba wanajeshi walichukua nchi kule Burundi, na mwezi wa nane nchi jirani, yetu ikiwamo, zikakubaliana kuifungia mipaka. Redio ikatufundisha neno vikwazo. Ofisini tuliletewa waraka: lori lisivuke na kitu chochote kwenda huko, iwe mafuta, saruji au nguo, isipokuwa dawa na misaada ya wagonjwa, na hivyo navyo kwa kibali maalumu. Nilitoa nakala ya waraka huo, nikaibandika ukutani juu ya mashine yangu. Niliusoma kila siku, na kila siku niliuelewa vibaya.

Inabidi nikueleze kidogo mambo ya mlimani. Huku kwetu ukisema dawa, mtu hafikirii hospitali. Kidonge ni kidonge, sindano ni sindano. Dawa ni ule unga wa buluu unaokorogwa kwenye pipa, mwanaume anaubeba kwa bomba mgongoni na kuipulizia mibuni isishikwe na chulebuni, ugonjwa unaoozesha kahawa ikiwa bado mbichi. Jioni baba anarudi ndevu za buluu, kanzu ya kazi ya buluu, hata majani ya migomba yamepata rangi. Watu wakitoka kanisani wanaulizana, "Umeshapiga dawa?" Hakuna anayeuliza dawa gani. Nilizaliwa ndani ya neno hilo, nikakua ndani yake.

Zamani ushirika ndio uliotuletea dawa. Lilipokuja soko huria kila mtu akaambiwa ajinunulie, na bei ya kahawa yenyewe ikawa haimnunulii mkulima hata bomba. Watu wakaiacha mibuni iugue. Mfanyabiashara mmoja wa pembejeo pale mjini akabaki na ghala limejaa dawa ya kahawa isiyo na mnunuzi. Akaja mtu kutoka Burundi, akasema kule kwao wataichukua yote. Mfanyabiashara akaja kwa Bwana Primus kuuliza usafiri. Bwana Primus akatazama waraka wangu ukutani, akasoma kwa sauti: "Isipokuwa dawa." Akaniambia, "Priska, omba kibali."

Ningesema sikusita ningekuwa mwongo. Nilianza kwa kupiga barua, nikaandika kama ilivyo: *dawa ya kahawa, katoni 300*. Bwana Primus akasema barua haihitajiki, wanataka fomu tu. Barua nikaitupa, nakala yake ya kaboni nikaifungia kwenye faili, maana karani mzuri hatupi nakala. Kisha nikaingiza fomu kwenye mashine. Ile fomu ilikuwa na kisanduku cha kuandika aina ya mzigo, kisanduku chembamba, kama kimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaosafirisha chumvi tu. Nikapiga DAWA YA KAHAWA KATONI 300. Mia tatu yote ikatoka nje ya kisanduku, ikapanda juu ya maandishi ya jirani. Uchafu. Nikaitoa, nikaweka fomu nyingine, nikapiga DAWA KATONI 300. Ikakaa katikati, kulia na kushoto nafasi sawasawa.

Bwana Primus aliichukua, akaitazama, akatabasamu. Mpaka leo sijui alitabasamia nini, urembo wake au ufupi wake. Sikumuuliza wakati huo, na baadaye hakuwa mtu wa kuulizika.

Kibali kilirudi na muhuri baada ya wiki mbili. Asubuhi ya safari Ebenezeri alikipokea mezani kwangu, akakisoma, akakikunja. "Mama Violet," akaniuliza, maana hakuwahi kuniita kwa jina tangu tuzae, "karatasi ziko sawa?"

"Lini karatasi yangu haikuwa sawa?" nikamjibu, na nilimjibu kwa ukali, kama mtu aliyetukanwa.

Akacheka, akaenda zake.

Aliyekuja kunieleza yaliyotokea ni Theodory, dereva wa lori la pili. Walikuwa wamefuatana, yeye akipeleka mahindi kwenye kambi za wakimbizi upande wetu wa mpaka. Alisimama mlangoni pa ofisi na kofia mkononi, nikajua.

"Walifungua katoni moja tu, shemeji," akasema. "Askari akachovya kidole, akaona buluu. Akamuuliza Ebeni, kwa jina wanalotuitia Wachagga wote, 'Mangi, hii dawa inatibu nini?'"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Inatibu kahawa, afande.'"

Theodory alianza kucheka, kwa sababu pale mpakani walikuwa wamecheka wote, kisha akaona uso wangu akaacha. Akaendelea taratibu. Askari alimuuliza Ebenezeri kama kahawa nayo inaumwa, naye akajibu inaumwa sana, akaanza kumweleza habari za chulebuni, dalili zake na miezi yake. Askari akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia: "Nchi nzima imeambiwa ile kahawa yao isipate pumzi, wewe unaipelekea matibabu." Wakamweka ndani. Lori na mzigo vikashikwa.

Kumbe dawa ya kwenye waraka ilikuwa ya binadamu. Kila mtu alijua, kuanzia aliyeandika waraka mpaka aliyegonga muhuri. Aliyegonga muhuri aliona neno dawa, akaona wagonjwa wa Burundi wamelala kitandani, akagonga. Ni sisi wa mlimani tu tuliosoma neno lilelile tukaona mibuni.

Baada ya wiki tatu Theodory alipita tena huko, akahudhuria kesi, akarudi na ujumbe. Hakuketi. Alisema ameahidi kuufikisha kabla hajala.

"Amesema usije. Amesema usimwambie mtu kitu. Hakimu alimuuliza aliyeandika karatasi ni nani, akasema hajui, yeye hupewa karatasi na ofisi na kuendesha. Shemeji, hakimu amelainika. Watu wa pale mahakamani wanasema dereva hatafungwa, atapigwa faini, mzigo utabaki serikalini, basi. Kesi inamalizika tarehe kumi na mbili."

"Amesema nisije?"

"Mara tatu. Usije, usije, usije."

Ebenezeri, ambaye alishindwa kumficha trafiki habari za taa, alisimama mbele ya hakimu akasema hamjui aliyeandika. Nilipaswa kuelewa uzito wa uongo ule. Mtu mwingine angekaa nyumbani, akafunga mdomo, akaomba Mungu. Mimi nilipanda nyumbani jioni ile na kitu kinanila ndani, na kitu chenyewe, nikisema ukweli, hakikuwa huruma peke yake. Nilikuwa nimeumia kwamba mahali fulani watu wanaishika karatasi yangu na kusema ni ya udanganyifu.

Mama mkwe wangu, Aikaeli, alikuwa nje anamenya ndizi za mtori. Tuliishi kwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo, nyumba yake juu, yetu chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ebeni?"

Nikamweleza yote, hata la usije. Kisu kikasimama mkononi mwake.

"Hilo neno aliliandika nani?"

"Mimi, mama."

"Kwa hiyo mwanangu amelala ndani kwa neno lako, na wewe unapanda na kushuka kwenda mjini?"

Aliinuka bila kungoja jibu, akaenda mpakani mwa shamba ambako masale yamepandwa mstari kutenganisha kihamba chetu na cha jirani. Akakata jani moja refu, akalipiga fundo katikati, akarudi nalo. Wasio wa kwetu wataona jani tu. Kwetu isale ni neno zito kuliko kiapo. Mtu aliyekukosea akikuletea isale, akasema nimekosa mimi, huna ruhusa ya kukataa. Watu wamewahi kumwaga damu kwa ajili ya mfereji wa maji, likapelekwa isale, wakanywa mbege kwenye kibuyu kimoja.

"Mtu akikosa haketi," akasema. "Anakwenda. Anasema kosa ni langu. Kosa likishatajwa limekufa."

"Mama, kule si Wachagga."

"Huyo hakimu hakuzaliwa na mama? Nenda. Ruwa akutangulie."

Nikaenda. Nilimwachia Bwana Primus ujumbe kwamba naumwa, na huo ndio uongo pekee niliosema katika kesi nzima, na ndio pekee ambao haukumdhuru mtu. Kwenye mkoba niliweka vitu viwili: isale, na ile nakala ya kaboni iliyosema dawa ya kahawa. Niliiona nakala ile kama ushahidi wa mbinguni. Mtu anayeficha haweki nakala, niliwaza. Watakapoiona watajua hatukuficha kitu. Siku mbili na nusu njiani, kwa mabasi na pikapu, nilikuwa najipanga maneno, na kusema kweli, niliyapenda.

Mahakama yenyewe ilikuwa chumba cha bati na madawati kama ya shule. Walipomwingiza Ebenezeri alitazama watu, akaniona, akafumba macho. Nilidhani amefarijika.

Hakimu alipouliza kama kuna la zaidi kabla ya hukumu, nilisimama. Nikasema mimi ndiye niliyeandika. Kukawa na minong'ono, hakimu akashusha miwani, akaruhusu niapishwe. Nikaapa kwa Biblia, nikaeleza habari za neno dawa kwetu mlimani, za bomba na ndevu za buluu, na baadhi ya watu wakatikisa kichwa kwamba wameelewa. Hakimu naye alikuwa anaandika. Nilijiona nashinda. Nikatoa nakala.

Mwendesha mashtaka alikuwa inspekta mmoja mwembamba, mpole, hakupandisha sauti hata mara moja.

"Shahidi, hii uliiandika kabla ya fomu?"

"Kabla."

"Inasema dawa ya kahawa."

"Ndiyo! Ndicho ninachosema. Hatukuficha."

"Na fomu iliyokwenda kuombewa kibali inasema dawa. Hili neno 'ya kahawa' limekwenda wapi?"

"Nililiondoa."

"Kwa nini?"

"Halikuenea."

Watu wakacheka. Akangoja wanyamaze.

"Halikuenea wapi, mama?"

"Kwenye kisanduku. Lilikuwa linavuka mstari."

"Kwa hiyo ulijua mzigo ni dawa ya kahawa, ukaandika dawa ya kahawa, kisha ukaondoa kahawa."

"Kwa ajili ya unadhifu," nikasema. Hayo ndiyo maneno niliyoyatamka mbele ya mahakama, na yako kwenye kumbukumbu zao mpaka leo.

"Na mshtakiwa ni nani wako?"

"Ni mume wangu."

"Mume wako," akarudia, kwa upole uleule. "Mshtakiwa alituambia hapa kwamba hamjui aliyeandika."

Hapo ndipo nilipoelewa usije. Nilielewa mara zote tatu kwa mpigo. Mpaka asubuhi ile hawakuwa na kitu isipokuwa dereva mmoja mshamba aliyepewa karatasi asizozijua. Mimi nimesafiri siku mbili na nusu kuwaletea mke, nakala na kusudi. Mdomo huponza kichwa, ila mimi mdomo wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Nikashikwa na wazimu, sina neno lingine. Nikaingiza mkono kwenye mkoba, nikatoa isale, nikalinyoosha kwa mikono miwili. "Mheshimiwa," nikasema, "nimekosa mimi. Naomba upokee."

Karani aliyekuwa karibu yangu akaruka nyuma na kiti chake. "Mheshimiwa, ameleta dawa mahakamani!"

Neno lilelile. Safari hii lilikuwa la mganga. Chumba kizima kikarudi nyuma, mama mmoja akamfunika mtoto wake kwa khanga. Hakimu akaliangalia jani lile lenye fundo, akaniangalia mimi, na uso uliokuwa umeanza kulainika ukafunga. Akaamuru litolewe nje. Askari mmoja akalibeba kwa ncha ya fimbo.

Inspekta akasema anaona sasa kuna washtakiwa wawili. Kabla hakimu hajajibu, Ebenezeri aliinuka kizimbani. Sikuwa nimeisikia sauti yake kwa miezi miwili.

"Mimi ndiye niliyemwagiza aandike hivyo," akasema. "Nilimwambia atoe kahawa ili tupite. Yeye ni mke, alimtii mumewe."

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Anasema uongo!"

Hakimu akaniambia nikisema tena atanifungia ndani. Kisha akaandika, muda mrefu, na kalamu yake ilikuwa inakwaruza. Kwa kutoa taarifa za uongo ili kupata kibali, na kwa kusafirisha bidhaa zilizopigwa marufuku, miaka mitatu. Mimi nikaonywa, nikaambiwa nirudi nikalee mtoto. Walipompitisha mbele yangu nilimshika mkono wa shati. Akautoa mkono wangu polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayemwondoa mtoto aliyelala.

Nilirudi kwenye mashine yangu. Ungependa niseme niliacha kazi, lakini Violet alikuwa darasa la tano na kihamba hakilishi mtu kwa majuto. Bwana Primus hakunifukuza. Alinisalimia kwa heshima zaidi kuliko zamani, na hilo lilinikera kuliko kufukuzwa.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata, wakubwa wa nchi hizi walikutana Arusha. Jioni redio ikatangaza kwamba vikwazo vimelegezwa ili wananchi wa kawaida wa Burundi wasizidi kuumia. Vyakula ruksa. Vifaa vya shule ruksa. Mbolea na pembejeo za kilimo, ruksa. Mama mkwe alikuwa amekaa kando yangu na kikombe cha chai. "Pembejeo ni nini?" akaniuliza. Nikamwambia ni dawa. Akaweka kikombe chini, akaingia ndani kwake.

Wiki haikuisha, yule mfanyabiashara akaja tena. Bwana Primus akaniwekea fomu mezani bila kunitazama machoni. Fomu ileile, kisanduku kilekile. Nikapiga DAWA YA KAHAWA KATONI 300. Mia tatu ikatoka nje, ikapanda juu ya maandishi ya jirani.

"Imevuka mstari, Priska," akasema.

"Naona."

Akatia sahihi. Theodory akaupeleka mzigo, akapita. Askari hakufungua hata katoni moja.

Nilitafuta wakili wa kumkatia Ebenezeri rufaa. Alinisikiliza vizuri, akaniambia mahakama inatazama sheria ya siku ya kosa, haitazami ya leo. Siku ile ilikuwa kosa. Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wetu ulikata mbele tu, na ulipotakiwa kurudi nyuma ukakwama kwenye mti.

Mwezi wa tano nikaenda gerezani kumwona, kulekule karibu na mpaka, mara ya kwanza tangu hukumu. Safari hii nilikata isale mwenyewe, sikumwambia mtu. La kwanza nililipeleka kwa hakimu, na hakimu sikuwa nimemkosea kitu. Nilikuwa nimegonga mlango wa jirani na kumwacha mwenye nyumba.

Getini palikuwa na kibao: NI MARUFUKU KUINGIZA KITU CHOCHOTE BILA KIBALI. Herufi za mwisho zilikuwa zimebanwa ili zienee. Nilizitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Wakamleta upande wa pili wa waya. Amenyolewa, shingo imekuwa ndefu. Askari magereza aliyekaa nasi alikuwa mzee, amebakiza kidogo astaafu, anasinzia.

"Vikwazo vimelegezwa," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Theodory amepita na mzigo."

"Nimesikia. Violet hajambo?"

"Hajambo. Amekuwa wa pili darasani."

"Mama?"

"Yupo. Miguu inamsumbua."

Halafu akauliza, "Kahawa mmepiga dawa?"

"Hatukupiga."

"Imeoza?"

"Imeoza. Yote ya chini, na nusu ya juu."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeulizia mgonjwa na kuambiwa alichotarajia. Nilikuwa na hotuba, safari hii pia nilikuwa nimejipanga, lakini niliiacha. Nikafungua mkoba, nikatoa isale.

Yule askari akafumbua macho. "Hicho nini, mama?"

"Jani, afande."

"Dawa?"

"Hapana, afande. Si dawa. Wallahi si dawa." Mimi, Mlutheri, naapa kwa wallahi.

Akalichukua, akaligeuzageuza, akalinusa. Akaona fundo, akaona uso wangu. Alikuwa mtu mwema, Mungu amlipe. "Jani tu halina neno," akasema. "Mpe." Akaliingiza kwenye tundu la waya, pale wanapopitishia karatasi, likatokea upande wa pili, likining'inia mbele ya kifua cha mume wangu.

Ebenezeri alilitazama. Nilimwona akilitambua, maana amezaliwa nalo kama mimi. Akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Afande," akasema, "kitu hakiingii humu bila kibali."

"Mangi, ni jani."

"Kibao kinasema kitu chochote, afande. Nimefungwa kwa kutofuata karatasi. Naomba mlitoe."

Mzee yule alishangaa, lakini kanuni ilikuwa kanuni, na mfungwa ndiye aliyemkumbusha. Akalivuta jani likarudi upande wetu. Nikamwambia Ebenezeri, kwa Kichagga ili tubaki wawili, kwamba najua nimekosa, kwamba asinikatalie hilo moja, hakuna anayekatalia hilo.

Akanijibu kwa Kichagga vilevile, kwa sauti ya chini, bila hasira. Hasira ningeiweza.

"Ndiyo maana silishiki, Mama Violet. Nikilishika itanibidi nisamehe."

Akamwambia askari kwamba amemaliza.

Nililirudisha isale kwenye mkoba, nikatoka getini, nikadandia pikapu, kisha basi. Siku mbili na nusu mpaka Moshi, na kwenye vizuizi vyote vya barabarani hakuna aliyeniuliza nimebeba nini.